Nimeibadilisha Mita Yako

Fundi wangu,

Nimeibadilisha. Uisikie kwangu kwanza, maana hapa kituoni wanasema namsahihisha marehemu kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Ndiyo. Nakusahihisha.

Ni ile mita ya oksijeni, kwenye bomba linalotoka mtamboni kwenda wodini. Nilipokuja kwako na cheti changu kipya ulinifundisha lugha yake ukiichora nyuma ya kalenda: waya ukileta umeme wa miliampia nne, gesi imesimama, ukileta ishirini, inapita yote. Nikauliza kwa nini isianze sifuri. Ukacheka. "Mwanangu, sifuri ni waya uliokatika. Asiye na la kusema na aliyekufa wasifanane." Na mita ikijiona mgonjwa, ukasema, ishuke chini ya nne, ili kengele ilie kwenye chumba cha manesi.

Wiki tatu baada ya kukuzika Busunzu, Nesi Perusi alinipigia simu. "Wee Goreti, skrini yako inasema tunapumua, na huku hatupumui." Alikuwa ameweka kiganja mbele ya barakoa ya mtoto na hakuhisi kitu. Skrini ilisimama kwenye lita thelathini na nane, imetulia kabisa. Tulimhamishia mtoto kwenye mtungi wa oksijeni. Yuko hai, jana alinitolea ulimi.

Maji yalikuwa yameziba bomba na kulowesha mita. Nikafungua mipangilio yake. Penye swali la nini kifanyike mita ikiugua, jibu lilikuwa: ishikilie namba ya mwisho iliyokuwa nzuri. Nikatazama daftari la mtambo. Mwandiko wako, saini yako.

Nilikaa sakafuni nikakuchukia, Fundi.

Msimamizi wa kituo anasema yeye ndiye aliyekuomba, kengele ilikuwa inawachosha wagonjwa. Sawa. Kikaushio cha hewa kilichoka, maji yakawa yanaingia bombani, kipya hakikuja, ukainyamazisha kengele. Lakini mimi najua zaidi yake. Watu wa huku kwetu, ukimuuliza mtu habari anajibu kwanza "n'amahoro", ni salama, ndipo baadaye akwambie nyumba imeungua. Miezi ile yote ulikuwa unajishika ubavu, nikikuuliza unanijibu amahoro. Hata siku uliyoshindwa kupanda ngazi tatu za mtambo. Mita nayo ukaifundisha adabu hiyo hiyo.

Sasa ikiugua inashuka hadi tatu nukta sita, na kengele inalia. Wiki hii imelia mara nne. Msimamizi ameleta karatasi ya kuirudisha kama ulivyoiacha; nisiposaini, nitahamishiwa stoo ya Kibondo. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa pole, "Fundi wako angesaini."

Nikamjibu, "Alisaini. Ndiyo maana mimi sisaini."

Hakurudi tena. Labda barua ya uhamisho inaandikwa. Iandikwe.

Kwaheri, Fundi. Nakupenda, na bado sijakusamehe. Yote mawili yabebe. Nakuahidi hili: kikaushio nitakidai mlangoni kwa Msimamizi kila asubuhi, na kengele ikilia nitakwenda kuitazama, hata iwe ya bure. Wakinihamisha, atakayenifuata ataona kwenye kifuniko cha mita, kwa rangi nyekundu isiyofutika: ISINYAMAZISHWE. Chini yake nimeandika jina langu lote, ili wajue wa kumlaumu.

Goreti