Kilo Zimerudi, Mazlina Hajui

Jumamosi, 18 Januari

Dada Hasnah keshachagua rangi. Idi ya mwaka huu ni zambarau iliyofifia — ukoo mzima, kuanzia yeye hadi wajukuu. Kanunua jora zima la kitambaa! Fundi wa kule kwetu Taiping anaacha kupokea kazi wiki ijayo, kwa hiyo simu iliita nikiwa na mswaki mdomoni. Lete vipimo, Rohaya! Nikasema nitajipima jioni. Akacheka. Upime nini, si vilevile vya mwaka ule ulipokuja kama mwanamitindo?

Nikasema ndiyo. Vilevile.

Ulimi ulitangulia, basi. Jioni nimeutoa utepe wa kupimia kwenye droo, nimekaa nao mapajani, sikuuzungusha popote.

Idi mbili hawajaniona. Kila mara nasingizia zamu. Ofisi ya maji haifungi, nawaambia, mabomba hayajui sikukuu. Wananiamini. Chai ya maziwa ya kopo leo, vikombe vitatu. Miaka saba tangu wanikate tumbo nipungue, na nyama bado inanikwama kifuani. Wali pia. Chai tamu inateleza tu, haina adabu.

Jumatano, 5 Februari

Mazlina kaingizwa kwenye kundi la simu la wagonjwa wa kliniki! Mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nilijua anaufikiria upasuaji. Kisukari cha Baba kimemshika yeye, magoti yanauma, na anafundisha chekechea, kutwa kukimbizana na watoto. Sikujua kwamba tarehe tayari kapewa. Wiki moja baada ya Idi. Watamkata tumbo kama mimi, wamwachie kipande.

Na kitu cha kwanza alichowatumia watu ni picha yangu. Ile ya mwaka wa pili — nimevaa suruali yangu ya zamani, miguu yote miwili imeingia kwenye mguu mmoja wa suruali. Akaandika: huyu ni dada yangu wa damu, kama si yeye nisingethubutu! Maua, mioyo, makofi. Wageni wanauliza, dada, siri ni nini?

Siri! Nimezima simu nikaisukuma chini ya mto.

Lile kundi nimelitazama vizuri leo. Tuko wengi mno, ila wanaoongea ni wa mwaka wa kwanza na wa pili. Sisi wa zamani kimya. Siku zote nilidhani wenzangu wamechoka na soga.

Alhamisi, 6 Februari

Meseji ya faragha kutoka kwa Badrul. Tulipasuliwa wiki moja, tukawa tunatembezwa pamoja koridoni, kila mtu kashika chupa yake ya dripu. Anasema picha nzuri, dada. Kilo zangu zimerudi karibu zote. Zako?

Ana haki gani ya kuuliza! Nimekasirika mpaka mchana. Halafu nimelia chooni kazini, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

Jumapili, 2 Machi

Saumu ya kwanza. Kufunga kwangu si kazi. Kazi ni kufungua. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji nilifungua kwa tende moja na supu nusu kikombe, jamaa zangu wote wakinitazama kwa mshangao, nami nikijiona malkia.

Leo nimepita soko la Ramadhani. Vikeki vya nazi, uji wa maharage na sukari guru, kuku wa kuchoma. Muuzaji kauliza wageni wangapi leo, mama? Nikamwambia wanne. Akanifungia vya wanne, akaniongezea kidogo kwa ajili ya watoto.

Nimekaa navyo mbele ya televisheni tangu magharibi. Tumbo dogo hukataa sahani iliyojaa, lakini kidogokidogo halikatai. Hilo hakuna anayelipigia makofi. Nilikuwa mia na ishirini na moja, nikashuka hadi sitini na nane. Leo tisini na saba. Mume wangu Jamil aliniacha kabla hazijarudi, kwa hiyo hata yeye siwezi kusema alikimbia unene.

Jumatatu, 10 Machi

Letchumi wa dirisha la pili ofisini: "Shoga, hivi wewe unafunga au unafuga?" Ofisi nzima kicheko. Nami nimecheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa, 14 Machi

Kifurushi cha Taiping kimefika. Gauni la zambarau tupu, na shanga ndogo shingoni. Zuri! Dada Hasnah hajui kununua kitu kibaya.

Nililivaa kwa juu, kama linavyovaliwa. Mikono ikaingia. Kichwa kikaingia nusu. Likagoma. Juu haliendi, chini haliendi, mikono iko hewani, uso umo ndani ya kitambaa, sioni kitu. Na hakuna wa kumwita nje ya chumba! Nilijigonga kwenye kabati. Nilikaa chini sakafuni nikahema humo ndani, nikawaza, hivi nikizimia hapa atakayekuja kunitoa ni nani? Mwisho nilitambaa hadi jikoni, nikapapasa mkasi, nikakata upande mmoja kuanzia nyongani hadi kwapani.

Nikiwa bado pale chini nimemjibu Badrul. Zimerudi. Akajibu papo hapo: Alhamdulillahi, nilidhani niko peke yangu. Halafu akaomba radhi kwa hiyo alhamdulillahi. Nimecheka peke yangu jikoni na mkasi mkononi.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia Dada Hasnah. Zamu tena, dada, nisamehe. Akajibu: "Mwaka wa tatu huu. Mama angekuwa hai, mabomba yangepasuka na bado ungekuja."

Mazlina akamnyang'anya simu. Dada, fungua video nikuone. Nikamwonyesha dari. Kamera imeharibika, nikasema. Akasema pole, akaendelea kunieleza alivyo na furaha, anavyohesabu siku, na kwamba nguo zake zote kubwa kaahidi kuzigawa. Anagawa kabisa! Nilitaka kumwambia bakisha mbili. Nikamwambia hongera.

Jumatano, 26 Machi

Mazlina yuko bafuni kwangu. Naandika haraka.

Nimerudi kazini, nimetoka kwenye lifti, huyo hapo mlangoni kakalia begi. Kesho ana miadi ya kliniki, ya mwisho kabla ya upasuaji. Alitaka kunishtukiza, kashtuka yeye. Macho yake yalishuka kutoka usoni kwangu mpaka miguuni yakarudi tena usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akanishika mkono akaubusu, adabu haikumtoka, kisha akasema, "Kumbe kamera ni nzima."

Ndani ndiko alikolipuka. "Nimekutangaza kwa watu, Dada! Mimi naenda kupasuliwa, wewe unanionyesha dari?" Nikasema niliona aibu. "Aibu kwangu mimi? Mimi mnene kuliko wewe?" Tukalia sote wawili, tena tumefunga, hata funda la maji la kututuliza hatukuweza kunywa.

Baadaye akaanza kuuliza. Inauma ikikwama? Inauma, kifua kizima. Njaa ilirudi lini? Mwaka wa tatu. Niliamka asubuhi moja nikaikuta, kama mpangaji aliyerudi safari. Na kliniki walisemaje? Nikamwambia sijui. Mizani ilipopanda kilo nne niliacha kwenda, niliogopa kukaripiwa. Vidonge vya vitamini navyo nikaviacha. Alikuwa ananisikiliza kama watoto wake wa chekechea wanavyomsikiliza yeye, mdomo wazi.

Kisha akasema: "Kesho daktari anataka neno langu la mwisho. Ungerudishwa siku ile, na haya yote unayajua, ungekubali tena?" Akachukua taulo. Kasema akitoka anataka jibu, hataki hadithi.

Nimefikiri. Jibu ni ndiyo. Limenishangaza mwenyewe. Sukari yangu haijarudi mpaka leo. Napanda ngazi. Nalala bila kuhema. Baba alikatwa mguu akiwa na umri huu nilio nao.

Lakini nikisema ndiyo atasikia ndiyo tu, kama nilivyosikia mimi. Mimi pia daktari aliniambia kilo zinaweza kurudi, nikaitikia kwa kichwa huku nawaza nguo mpya. Mazlina hatasikia vikeki vya watu wanne. Hatasikia Idi mbili na dari. Na nikianza na hayo, ataghairi, arudi Taiping na kisukari chake, na siku atakapokatwa kitu nitakuwa mimi niliyemshauri. Naogopa. Naogopa kuliko nilivyoogopa kisu changu.

Maji yamefungwa. Anauliza kitana kiko wapi. Nimemwambia kiko huku, njoo nikuchane. Nikikaa nyuma yake hatauona uso wangu. Labda hapo nitaweza kuyasema yote mawili. Labda — anafungua mlango