Machungwa ya Kulipia Korea

Jumapili, 11 Desemba 1994

Sasa nimeelimika. Mapumzikoni katika kisiwa kimoja cha Korea mtu anapanda mlima, anatazama maporomoko ya maji, kisha analipa kiingilio ili achume machungwa mwenyewe. Sisi kijijini kwetu Matombo tulifanya yote hayo kila siku, tena na mzigo kichwani. Kumbe tulikuwa watalii!

Mdogo wangu Kondo alipelekwa huko na Wakorea wanaomuuzia vipuri. Kwetu anayetoka safari huanzia kwa mama. Yeye amerudi, na wiki ya pili hii yuko mjini. "Dada, barabara ya Matombo itaniulia gari." Mlima wa Korea aliuweza kwa miguu.

Leo nimekwenda mimi, na picha yake. Mama aliitazama sana: Kondo kati ya michungwa, kikapu begani, glavu za kazi mikononi. Machozi yakamlengalenga.

"Maskini mwanangu, kumbe huko wamempa kibarua! Mwandikie arudi. Michungwa ya kwetu ipo, na kitanda nimeshamtandikia."

"Nitamwandikia, mama."

Ningesema nini? Kwamba ameshafika, na anasikitikia springi za gari?