Alama za Wino Ubavuni mwa Fundi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 24. Kazi: muuza nguo za watoto. Makazi: nyumba za nyuma ya soko.

Mimi ni binti wa fundi cherehani aliyelazwa kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Kaka yangu mmemweka ndani tangu asubuhi. Nimekuja na mwanangu kwa kuwa sina wa kumwachia.

Mnamo tarehe 14, mchana, daktari mpasuaji alitueleza kwa picha njia mbili za kuutoa umio bila kupasua kifua kizima. Ya kwanza ni matundu madogo ubavuni kulia. Kamera inaingia, pafu moja linatolewa hewa kwanza, na tezi za jirani anaziona vizuri. Ya pili anapitia shingoni na tumboni, mapafu hayaguswi, ila nafasi ni finyu. Alisema ataamua majibu ya kipimo cha pumzi yakitoka, maana baba amevuta moshi wa pasi ya mkaa miaka mingi. Kaka alimwambia, "Ukimgusa mzee pafu, tutaonana mimi na wewe." Hilo alilisema, sikatai. Mdomo wake hauna breki. Kisha akaondoka.

Jioni baba aliniomba kalamu za wino mzito usiotoka upesi. "Ushawahi kuniona nakata kitambaa bila kukichora?" Akavua shati. Njia ya kwanza akaichora kwa bluu, ya pili kwa nyekundu.

Nikamwambia, "Baba, hilo ni tumbo, siyo suruali."

"Suruali ikiharibika nanunua kitambaa kingine. Nishikie kioo, mama."

Chini ya kwapa, kwa nyuma, mkono wake haukufika. Alama mbili za pale nilizichora mimi, mtoto akiwa mgongoni. Na mimi nilitaka kujua hiyo kamera inapita wapi. Tulilinganisha mpaka chai ikapoa. Bluu ilikuwa na matundu mengi, nyekundu ilikuwa na safari ndefu gizani. Jibu hatukulipata. Ila tulichora upande ule ule tuliouona kwenye picha, kumbe picha inakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Fundi mzima akasahau kugeuza.

Asubuhi ya tarehe 15 muuguzi alikuta alama ubavu wa kushoto, upasuaji ukasimamishwa, wakidhani mtu ametaka kumpotosha daktari. Baba akasema ni yeye. Wakamwambia anamfichia mwanawe aliyemtishia daktari, kwa sababu pale nyuma ya kwapa hawezi kufika. Mimi nilikuwa nyumbani namwogesha mtoto, hakuna aliyeniuliza.

Amepangiwa tena kesho asubuhi. Anasema haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona kaka. Nami nasema kaka hakushika kalamu.

Umeniuliza, afande, ningechagua njia ipi. Ile atakayoichagua daktari, nikiwa nimeshaielewa.

Hapo ndipo maelezo yangu yanapoishia. Nimeyatoa kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, ameyakubali. Nimetazama vidole vyake vya mkono wa kulia. Vina wino wa bluu. Mguu wa mtoto pia.