Mikono Iliyoshikana kwenye Shaba

Baba Neema,

Sitakuita mpendwa. Leo nimepita karibu na ile studio ya Roseville, huku ughaibuni, ulikotupeleka kupiga picha ya familia, nikakukumbuka, wala si kwa wema.

Mwaka ule ulikuwa umeshikwa na wazimu wa sarafu za kale za Waroma, za shaba. Jumapili tukitoka kanisani, ulitandaza taulo mezani ukazisugua kwa kijiti cha meno mpaka sura zikatokea. Nilikuwa nimechoka na zamu za kuwahudumia wazee, lakini nilikaa kukusikiliza, maana ulieleza vizuri. Neema alipenda ile yenye mbwa mwitu jike anayewanyonyesha mapacha. Ulimwambia hao ndio walioanzisha Roma. Mimi nilipenda ile yenye mikono miwili iliyoshikana. Nikasema hawa walipendana kweli. Ukacheka.

"Hapana, Mama Neema. Hizi walizitengeneza sana pale wakubwa walipokuwa hawaelewani. Ilibidi watu waone mapatano."

Haukupita muda ukatushonesha vitenge vya sare, ukatupeleka studio. Mpiga picha hakutuambia tushikane mikono. Wewe ndiye uliyeushika wangu. Picha ukamtumia mama yangu kule nyumbani Moshi, akaitundika sebuleni na kuwaita majirani waje waone. Kumbe tayari ulikuwa umepanga nyumba nyingine, mtaa wa Saint Louis Park, na humo kuna mwanamke anakusubiri.

Ulipoondoka nilidhani utakuwa unakuja kumchukua Neema, hata mwisho wa wiki tu. Ulikuja mara moja tu, kuchukua sarafu. Ulizifunga moja moja kwa pamba, kwa upole ambao mimi nilikuwa nimeshausahau. Neema, ambaye siku hizo alitujibu kila kitu kwa Kiingereza, alijikaza akakuomba kwa Kiswahili umwachie mbwa mwitu wake.

"Haiwezekani, mwanangu," ulimwambia. "Mkusanyiko hautenganishwi."

Ulilisema hilo ukiwa umesimama kati yetu, wala hukusikia ulichokisema. Ukafunga sanduku, ukashuka ngazi.

Nilikaa miaka nikitafuta maneno ya kukujibu. Sasa naona hayakuhitajika. Neema amekuwa msichana mrefu, ana macho yako, na tangu siku ile hajakuomba kitu tena, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Kaa salama huko uliko. Mema zaidi ya hayo wakuombee wengine.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema