Siku Uliyosafiri Mara ya Pili

Mtaa wa Jericho,
Nairobi.
Jumapili, 14 Oktoba 1984

Mpendwa dada yangu Mukai,

Niaje, mtu wa Norwe? Hujambo wewe? Hiyo baridi imekuachia masikio au imeshayala? Sisi huku hatujambo, Mungu ni mwema. Mama ni mzima, ila goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Wanangu wanakula kama siafu. Njaa bado imeshika nchi kama ulivyoiacha. Unga ni ule wa njano, na Mama anauita chakula cha kuku, lakini sijaona sahani yake ikirudi na kitu.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma pale Majengo nikiwa ndani ya gari la mkate, wateja wakinipigia kelele nje, nikawaacha wapige. Habari za masomo zimenifurahisha sana. Eti ikifika Desemba jua litakuwa linazama saa tisa! Sasa huko watu hula chakula cha jioni saa ngapi?

Lakini yale ya mwisho yalinikata maini. Unasema Mama hakuja kukuaga uwanja wa ndege, kwamba uliondoka bila radhi yake, na kwamba kama bado ana hasira utafunga mizigo urudi Krismasi, na hayo masomo uyaache. Mukai! Una wazimu? Umemaliza chuo kikuu hapa, mtaa mzima ukashangilia, halafu uje uniambie habari za kurudi? Kaa chini uisome barua hii mpaka mwisho.

Tuanze na ile aibu ya safari ya kwanza, maana wewe ulikuwa umejifunika blanketi chumbani na ya nje hukuyaona yote. Mbuzi tuliyemtoa Kiamaiko alikuwa ameshaliwa. Mchungaji alishakuombea, akina mama walishalia machozi yakawaisha. Mara wewe huyo, jua halijatua, unarudi na sanduku lako eti ndege imeharibika! Watoto walizunguka nyumba zote wakipiga kelele, "Mukai amerudi kutoka Ulaya!" Lenah, jirani yetu, akaja mbio kuuliza umemletea nini. Mumewe Shitanda akasimama mlangoni akijishika tumbo, akamwambia Mama, "Mama Ndeti, kama mnataka nyama yenu, iko hapa. Njooni mwichukue." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka.

Yeye aliuona mkono wa Mungu. Akasema mbele ya wenzake wa kanisa, "Mungu amenirudishia mtoto. Mimi nani nimtoe tena?" Na unamjua Mama. Tangu Baba atutoke, neno akishalitamka mbele ya wale wanawake, hata ulivute kwa trekta halirudi. Ulimbembeleza, ulilia, mwishowe ukahamia kwa shangazi Ndindi kule Buruburu kungoja ndege nyingine, na Mama akaapa uwanjani hakanyagi tena. Siku ilipofika nikakupeleka peke yangu. Nilikuona ukigeuka kila mlango ulipofunguka. Niliumia sana, dada yangu.

Haya, sasa sikia usilolijua.

Nilipokuacha pale nilikwenda kazini nikagawa mkate wangu. Jioni nikapitia kwa Mama nimpe pole. Mlango una kufuli, jiko ni baridi. Nikamuuliza Lenah. Akaanza kunizungusha, mara mvua haiji, mara sukari imepanda. Nikamwambia, "Lenah, mama yangu yuko wapi?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikamponyoka. "Alinikataza nisiseme. Ametoka asubuhi mapema, na amevaa viatu vya kanisani."

Wee! Niligeuza gari la mkate bila hata kumfikiria bosi, nikashika njia ya Embakasi, kule uwanja wa ndege. Nikapanda kule juu kwenye roshani ambapo watu huwapungia wasafiri. Watu wenyewe walikuwa wameshakwenda zao. Mama alikuwa amesimama peke yake ukingoni, leso mkononi. Kandege kadogo kalikuwa kanapaa, nadhani ka kwenda Kisumu, naye anakapungia kwa nguvu zake zote huku anaomba kwa Kikamba.

"Mama," nikamwambia, "Mukai aliondoka tangu asubuhi."

Alishtuka kama aliyefumaniwa shambani kwa watu. Alijaribu kunigombeza, ikashindikana. Akaniambia aliona haya, wenzake wa kanisa watamcheka wakijua amekwenda baada ya maneno yote yale. Tena aliogopa. Alisema angekukumbatia mara nyingine, mikono isingekuachilia. Kwa hiyo alikuja kimya kimya, na tulipopita mimi na wewe alijificha nyuma ya nguzo. Lakini hakujua ndege yako ni ipi, na kumuuliza mtu akaona ni aibu.

"Sasa ya Mukai ilikuwa ipi?" akaniuliza.

"Ile kubwa, ya asubuhi."

Akakaa chini kwenye saruji, akavua kiatu kimoja, akaanza kuusugua mguu. "Basi nilimpungia," akasema. "Nimezipungia zote."

Zote, Mukai! Za Mombasa, za Bombay, hata ya mizigo. Tangu asubuhi mpaka jioni, mwanamke mwenye goti bovu, amesimama anaibariki kila ndege iliyonyanyuka, asije akaikosa yako. Ndani ya gari alikula nusu mkate bila chai, akaniapisha nisikwambie. Kisha akasema, "Ameenda na radhi yangu. Asome."

Kwa hiyo fungua hiyo mizigo yako. Hakuna mtoto katika mtaa huu aliyewahi kuagwa kama wewe.

Shangazi Ndindi anakusalimu na kukukumbusha uvae soksi mbili. Shitanda na Lenah wanakusalimu sana, na Shitanda anauliza kama huko kuna mbuzi. Mke wangu Kavata anakutumia salamu tele. Mama naye atapata barua yako ukimwandikia, na nakuomba umwandikie wiki hii hii. Mweleze unavyokula na unavyolala. Ya uwanjani usiyataje, atanifukuza.

Mungu wa baba zetu akushike mkono huko ugenini, akupe akili na afya.

Ni mimi kaka yako, anayejivunia wewe kuliko anavyoweza kusema,

Ndeti Maingi