Mrembo wa Milingoti Mitatu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapoteza mke kwa ajili ya kitu kinachoenea juu ya kabati, maana mimi ni fundi wa meno ya bandia, mtu mzima mwenye mvi, sinywi wala sichezi kamari, starehe yangu ni moja tu, kuunda merikebu ndogo za mbao, nazo huziundia kwenye meza ya kulia kwa kuwa chumba kingine hatuna, na sasa nina ya milingoti mitatu ambayo sijawahi kuunda nzuri kama hiyo, basi Jumamosi nilikuwa naongea kwa simu na rafiki yangu, mstaafu wa posta tunayemwita Nahodha ingawa hata kuogelea hajui, akaniuliza, "Mrembo wako anaendeleaje?" nikamjibu, "Acha tu, ndugu yangu! Jana nilimloweka kwenye maji ya moto mpaka akalainika, nikamkunja taratibu, leo mbavu zote zimekaa sawa, jioni namvalisha," kumbe mke wangu yuko mlangoni na beseni la nguo za kuanika.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, na huyo dada, ambaye tangu harusi hanipendi, akanipigia, "Shemeji, kwa mvi hizo bado unaloweka watoto wa watu?" nami nikacheka, mshauri, nikacheka mpaka nikakohoa, nikamwambia mrembo mwenyewe ni merikebu, waje wamwone alivyolala mezani, nikadhani yameisha, mara mke wangu akaichukua simu akasema, "Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua nyumba ya kwenda kumtukana," akakata.

Sasa nyumba imepooza, ile ya kwangu haipokei simu, Nahodha anasema nisubiri hasira zipungue, na shemeji anataka nimvunje mrembo wangu mbele ya macho yake ndipo mdogo wake arudi, na kila nikimtazama moyo unakataa, kwani maskini hajanikosea kitu. Nimvunje?

Fundi Meno

*

Fundi Meno, usivunje hata kijiti.

Nianze na shemeji yako, maana najua hapa atapita. Dada yangu, wapo wanaume wanaoshinda mbele ya televisheni wakiwatukana wachezaji wasiowasikia, nao tunawaita wapenzi wa michezo. Huyu anakaa nyumbani kwake, anapiga msasa, anatoa kitu kizuri kwa mikono yake, tunamwitia kikao! Huo ni upuuzi, na sitauita kwa jina la heshima. Tena merikebu ikivunjwa leo, mume atamtazama mkewe kama muuaji kila chai itakapopoa. Umemsaidia nini mdogo wako?

Basi, nimemaliza kukutetea, fundi. Kaa vizuri.

Lugha yetu ina ngeli, na hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mtu analala na meza inakaa. Wewe merikebu yako "amelala", tena maskini "hajakukosea". Sawa, mapenzi hayo, sina ugomvi nayo. Lakini mkeo umemwandikaje? "Ile ya kwangu haipokei simu." Ile! Haipokei! Umeoa friji? Ubao umeupa utu, mkeo ukamvua, halafu unaniuliza uvunje nini.

Mkeo hakumwonea wivu mwanamke asiyekuwepo. Aliisikia sauti yako ikisema "taratibu", akakumbuka kwamba zamani sauti hiyo ilikuwa yake. Akiwa na beseni mkononi, la nguo zako pia, bila shaka. Hapo ndipo penye kidonda, na wewe ukapachekea.

Na huyo Nahodha wako akae kimya. Hasira hupungua, kweli, na hamu ya kurudi hupungua pamoja nayo.

Leo hii ondoa merikebu kwenye meza ya kulia, na vibano vyako, na makopo ya gundi, uifute meza mpaka ing'ae. Meza ile ni ya watu wawili kutazamana. Merikebu ihamie kwenye karakana yako ya kazini. Meno ya bandia hayaoni wivu. Ukishamaliza, nenda kwa shemeji kwa miguu yako mwenyewe. Usipige simu, usimtume mtu. Akikukaripia mlangoni, inamisha kichwa, umeyatafuta. Mkeo akitokea, usithubutu kumwambia alikuelewa vibaya, kwa sababu alikuelewa kuliko ulivyojielewa. Mwite lile jina ulilokuwa ukimwita mlipokuwa wachumba. Na kama umelisahau, kaa hapo hapo kizingitini, hata wakufungie mlango, mpaka likujie.