Damu ya Mama Kapinga

Kindu, Jumanne jioni, Novemba 1978

Hatimaye treni imeleta jibu kutoka Lubumbashi: damu ya Mama Kapinga haina kingamwili za baridi yabisi. Nilianza kumweleza kwamba baadhi ya wagonjwa wa ugonjwa huo hawana kingamwili hizo, lakini akanikatiza kwa kicheko.

«Dokta, damu iko muzuri! Kesho narudilia kutwanga majani ya sombe!»

Kisha akaniaga kwa kunipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyelowa mikono. Mikono yake ilikuwa mikavu. Hakutaka vidole vishikwe.

«Mama, ikala kwanza,» nikamwambia, nikimsogezea kiti.

Nimemwanzishia dawa ya baridi yabisi, ingawa karatasi ya maabara inanipinga. Huenda nimekosea; siwezi kuthibitisha. Lakini vidole vikishapinda, sina dawa ya kuvinyoosha.